Ng'ambo ya Kisiwa: Buddha na Daktari wa Vienna Katika Mitaa ya Mombasa

Feri ya Likoni haina daraja la kwanza. Karani wa bandari, mama mwenye beseni la samaki, mwanafunzi, askari wa jeshi la majini anayerudi kambini Mtongwe na msukuma mkokoteni wa madafu huingia kwa mlango mmoja wa chuma na kusimama bega kwa bega mpaka ng'ambo. Idadi inayotajwa kwa siku ni watu zaidi ya 300,000 na magari yapata 6,000. Aendaye kwa miguu halipi. Mkondo ni mwembamba, na aliyenunua njugu upande wa kisiwani hufika Likoni angali anatafuna.

Nilivuka nikiwa na vitabu viwili mkobani. Kimoja ni cha Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, kilichotoka mara ya kwanza kwa Kijerumani mwaka 1946. Cha pili ni mkusanyo mdogo wa hotuba za Buddha, pamoja na ile inayofundisha namna ya kuutazama mwili, hisia na mawazo bila kuyakimbilia wala kuyakimbia. Nia ilikuwa kuvisoma katika maeneo matatu yanayokizunguka kisiwa cha Mombasa: Likoni kusini, Changamwe magharibi, Kisauni kaskazini. Vitabu vya namna hii mara nyingi husomewa hotelini, penye upepo na juisi ya ukwaju. Je, vina neno kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi kibarua?

Anayeelekea Likoni huiona bahari kuu kushoto kwake, na kulia kwake winchi za bandari ya Kilindini. Mapema Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka bandari hii kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kati yao lilikuwa la kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari wanaokaribia elfu moja. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iliipiga kwa topido na ikazama katika muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Wengi wa wale wapiga mizinga hawana kaburi. Kumbukumbu yao ni majina yaliyochongwa kwenye mnara katika makaburi ya vita Nairobi.

Wenzao waliofika salama walifanya mazoezi Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma. Walipita bonde la Kabaw kwenye masika, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwapunguza, mpaka Desemba 1944 wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Vijana kutoka Nyanza, Ukambani, Unyasa na Tanganyika wakajikuta katika nchi ya mahekalu ya Kibudha, ambako watawa hutoka asubuhi na bakuli kupokea chakula.

Mmoja wa askari hao alikuwa Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana baadaye kama Jenerali China wa Mau Mau. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1967 anamsimulia askari Mwingereza aliyezungumza naye kwenye medani ya Kalewa. Mwingereza yule alimwambia kwamba yeye akifa pale atakuwa ameifia nchi yake, kisha akataka kujua nchi ya Itote itafaidi nini Itote akifa. Swali hilo lilimwandama mpaka akarudi nyumbani, na kila Mkenya anajua njia aliyoishika baada ya hapo.

Majira yaleyale, maelfu ya maili kutoka Kalewa, Frankl alikuwa mfungwa katika kambi za Wanazi. Alipelekwa Theresienstadt mwaka 1942, ambako babake alifariki, kisha Auschwitz mwaka 1944, halafu kwenye kambi ndogo za Dachau. Mama yake, kaka yake na mkewe hawakurudi. Alipofunguliwa Aprili 1945 alirejea Vienna na kukisimulia kitabu chake kwa siku tisa, waandishi wakinakili. Hoja yake kuu ni kwamba mtu hapaswi kuyauliza maisha yana maana gani; maisha ndiyo yanayomwuliza yeye, naye hujibu kwa matendo. Njia za kujibu alizihesabu tatu: kazi anayoifanya mtu, mapenzi na mema anayoyapokea, na msimamo anaouchukua mbele ya mateso yasiyoepukika.

Wasomaji wa Kiswahili hawaoni ugeni katika mambo haya. Waliosoma fasihi shuleni walikutana na udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya kuishi, kupitia Euphrase Kezilahabi, hasa Kichwamaji ya mwaka 1974, ambayo Kazimoto, mhusika wake mkuu, anaishia kujiua. Kezilahabi alikuwa Mkerewe aliyeandika Dar es Salaam, na hakuhitaji theluji ya Ulaya kumwonyesha mtu anayeamka asubuhi asione sababu ya kuamka. Wanasaikolojia wa mkondo huu huanzia hapohapo. Irvin Yalom wa chuo kikuu cha Stanford, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alitaja mambo manne ambayo kila mtu atakutana nayo atake asitake: mauti, uhuru wa kuchagua, upweke na ukosefu wa maana iliyo tayari.

Mauti ameyataja kwanza, na Likoni inayo sababu ya kumwelewa.

Kutoka kituo cha feri, tuktuk huenda Mtongwe kwa barabara inayopita maduka ya simu na meza za viazi karai. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi ya siku ya kazi, feri ya MV Mtongwe ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati. Uwezo wake ulikuwa abiria 300, na inakadiriwa ilibeba 400 hivi. Walikufa watu 272. Leo maji yako palepale, na siku niliyofika mzee mmoja mvuvi alikuwa amelipindua dau lake juu ya magogo akilitia kalafati: anasokota pamba, anaichovya mafuta, anaisukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, kisha anaigonga pole pole kwa nyundo huku akisikiliza sauti. Sauti ikibadilika, husogea inchi moja. Alijibu shikamoo bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Kaa huko kivulini, jua hili halina adabu."

Alipoulizwa kuhusu mwaka ule aligonga mara mbili tatu kwanza.

"Siku ile hukujua umhani nani. Ukitoka kwa huyu waingia kwa yule, na yule naye mwenye msiba hayuko, ameenda kwa dadake kuna msiba mwengine. Wa kupika ana maiti wake, wa kuchimba ana maiti wake. Basi tukawa twapikiana, twachimbiana."

Na bahari, aliiacha?

"Nikaiache nile nini?"

Kuna kisa maarufu katika mapokeo ya Kibudha kuhusu mwanamke aitwaye Kisa Gotami. Mwanawe mdogo alikufa, akakataa kumzika. Alimbeba mlango hadi mlango akiomba dawa, mpaka akafikishwa kwa Buddha. Buddha alimwambia amletee punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijafiwa. Haradali ilikuwa tele kila jiko. Nyumba isiyofiwa ndiyo haikupatikana. Jioni alikwenda kumzika mtoto, kisha akarudi kuwa mfuasi.

Frankl naye anasimulia juu ya daktari mzee aliyemjia miaka miwili baada ya kufiwa na mkewe, hana hamu ya kitu. Frankl hakumpa nasaha. Alimwuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia na mkewe akabaki. Mzee akasema mkewe angeteseka vibaya. Basi, akaambiwa, mateso hayo umemwepushia wewe, na bei yake ni kumlilia. Mzee alimshika mkono akaondoka.

Katika visa hivi hakuna aliyeelezwa kwa nini mauti yapo. Mwanamke alitumwa kwenye nyumba za watu, na mzee alirudishwa kwa mkewe kwa njia ya mawazo. Tiba ilikuwa kumtoa mfiwa ndani ya nafsi yake na kumpeleka kwa mwenzake, na watu wa Mtongwe walikuwa wameifanya mwaka 1994 kabla ya mtaalamu yeyote kuwafikia, kwa sababu matanga ya pwani yamepangwa hivyo. Mfiwa hapiki nyumbani kwake. Majirani huleta sufuria na mikeka, wanaume hukesha nje, na asiyemfahamu marehemu huja pia.

Hata mazoezi ya Kibudha yanayowashtua wageni zaidi, yale ya kuutafakari mwili hatua kwa hatua tangu unapofura mpaka mifupa inapokuwa vumbi, yana ndugu yake katika pwani hii. Mapema katika karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi ambao mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe akiuonyesha magofu ya Pate: majumba ya matajiri yaliyojaa popo na wadudu, na wenyewe wamo makaburini. Mtawa wa Kibudha hukaa mbele ya maiti ili kulegeza shauku ya dunia, na mshairi wa Kiislamu alisimama mbele ya gofu ili moyo ukumbuke Akhera. Makusudio ya mwisho ni mbalimbali kabisa, ila wote wawili hawamruhusu mtu ageuze uso.

Kutoka Likoni, barabara mpya ya Dongo Kundu humpeleka msafiri upande wa Changamwe bila kugusa kisiwa, juu ya madaraja marefu yanayopita kwenye mikoko. Dereva alitaka kujua ni kitabu gani kinachosomwa mpaka kwenye gari.

"Buddha? Si huyo mungu wa Wachina?"

Swali lake halikuwa la ajabu. Kituo cha reli ya SGR kipo Miritini, si mbali na Changamwe, kimefunguliwa mwaka 2017, na Wachina wengi ambao watu wa hapa wamewajua walikuja na reli hiyo. Lakini Buddha hakuwa Mchina, na hakujiita mungu. Alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, zaidi ya karne 24 zilizopita. Mafundisho yake huanza na jambo ambalo dereva alilikubali mara moja: maisha yamechanganyika na dhiki. Dhiki hiyo huzidi kwa sababu mtu hung'ang'ania vitu vinavyopita. Kung'ang'ania kunaweza kukoma, na njia ya kukomesha ni mwenendo mwema, utulivu wa akili na ufahamu, vyote vikifanyiwa mazoezi kila siku.

Hata hivyo, dereva hakukosea alipotaja Wachina. Amiri Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15, alikuwa Mwislamu kwa kuzaliwa. Jiwe aliloliacha Galle, Sri Lanka, lina maandishi ya lugha tatu: Kichina kinamsifu Buddha, Kitamil kinamsifu mungu wa Kihindu, Kiajemi kinamtukuza Mwenyezi Mungu, na sadaka zimeorodheshwa kwa kila mmoja. Limeandikwa tarehe ya mwaka 1409.

Ubudha wenyewe ulitua Afrika Mashariki kwa njia ya kawaida zaidi, yaani wafanyakazi. Wasinhala waliokuja Dar es Salaam kutoka Ceylon waliunda jumuiya yao mwaka 1915, wakapata kiwanja na kupanda mche wa mti wa bodhi kutoka kwao, na hekalu lao liko mjini humo hadi leo. Uganda nako kuna simulizi jingine. Steven Kaboggoza alikwenda India mwaka 1990 kusomea biashara, akafanya urafiki na watawa vijana wa Kithai, na mwaka 2002 akatawazwa mtawa huko California kwa jina la Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe. Amesimulia jinsi watu walivyoliona bakuli lake la sadaka wakadhani ni ngoma. Mama yake mzazi baadaye naye akawa mtawa.

"Kwa hivyo mtu mweusi aweza?" dereva aliuliza. Alipojibiwa ndiyo, akahamia kwenye bei ya mafuta.

Changamwe ni mahali pa mafuta, makontena na kungoja. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi miaka ya 1960 kiliacha kusafisha mwaka 2013, na matangi yake sasa huhifadhi tu. Agosti 2019 serikali iliamuru mizigo ya bandarini isafirishwe kwa reli hadi Nairobi. Madereva wa malori, mafundi, wauza chakula kando ya barabara na makarani wa maghala ya makontena waliona riziki ikiondoka na treni, na Mombasa ikawa na maandamano ya kila Jumatatu. Amri hiyo ilifutwa Septemba 2022. Wapo waliorudi kazini, na wapo ambao malori yao yalikwisha kuuzwa.

Frankl alilijua tatizo hili kabla hajaijua kambi. Mwaka 1933 aliandika kuhusu vijana wa Vienna walioachishwa kazi wakati uchumi ulipoanguka. Aligundua kwamba walikuwa wamefanya hesabu mbaya vichwani mwao: sina kazi, basi sifai, sifai, basi maisha yangu hayana maana. Aliwashawishi wajitolee kwenye maktaba, vyama vya vijana na madarasa ya watu wazima. Njaa iliwauma vilevile, na Frankl hakulificha hilo, lakini unyonge wa moyo uliwaondoka. Hoja hii ina uzito Changamwe, na pia ina hatari. Mwajiri anaweza kuitumia kumwambia kibarua atafute maana badala ya mshahara. Mafundisho ya Kibudha yana hatari hiyohiyo yakinunuliwa nusu nusu: tangu Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu mazoezi ya utulivu huko Massachusetts mwaka 1979, kampuni nyingi duniani zimegundua kwamba ni rahisi kumfundisha mfanyakazi kupumua kuliko kumpunguzia saa za kazi.

Port Reitz, upande huohuo wa Changamwe, ndiko iliko hospitali yenye wodi ya wagonjwa wa akili inayotegemewa na watu wa pwani. Mshauri nasaha mmoja aliyewahi kufanya mafunzo yake huko alikubali kukaa na kunywa kahawa tungu na kashata nje ya lango. Alisema familia nyingi hufika zikiwa zimepita kwa mganga na msikitini au kanisani, nazo huogopa kulisema jambo lenyewe. Kwa miaka mingi, mtu aliyenusurika kujiua aliweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, basi mgonjwa akiulizwa husema alianguka. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

"Sasa naweza kuuliza waziwazi," alisema. "Zamani nikiuliza, ni kama namwandikia mashtaka."

Na vitabu hivi viwili vinamfaa kazini? Alicheka. Hamtajii mgonjwa jina la Frankl wala la Buddha, alisema, na aliye na ugonjwa mzito apewe dawa kwanza, falsafa itamngoja. Lakini kuna swali analopenda kuuliza mtu akitulia: ni nani ataona pengo kesho usipokuwepo? Wengi hujibu hakuna. Halafu, baada ya kimya, mmoja hutaja kuku wake, mwengine hutaja mtoto wa jirani anayempeleka chuoni. Kazi huanzia kwa kuku.

Nairobi kuna Wakenya waliojaribu mambo ya jinsi hii kwa vipimo. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Tom Osborn na wenzake, huwatumia vijana waliomaliza shule wawaongoze wanafunzi wa sekondari katika vikao vichache kuhusu kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini. Matokeo ya jaribio moja yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Marekani, nayo yalionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua kuliko kwa wanafunzi wa kundi la kulinganishia. Mshauri wa Port Reitz alilipenda zaidi lile la wasio madaktari kuwasaidia wenzao, kwa sababu madaktari wa akili, alisema, hawatatosha hata wajukuu wetu wakizeeka.

Kisauni ndiyo nchi ya watu waliosaidiwa na wenzao, na historia yake imeandikwa hivyo tangu mwanzo. Eneo hili lote lilikuwa jimbo moja hadi mwaka 2013, Nyali ilipokatwa. Ukilivuka daraja la Nyali ukaenda mpaka Kengeleni, utauona mnara mdogo wa kengele kando ya barabara kuu, matatu zikiuzunguka kwa honi. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, baada ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa Unguja mwaka 1873.

Uti wa mgongo wa kijiji ulikuwa ni Waafrika waliotoka India. Walikamatwa utotoni, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakashushwa Bombay na kulelewa katika kijiji cha Sharanpur, karibu na mji wa Nashik. Huko walijifunza kusoma, useremala na uhunzi, kisha wakarudishwa Afrika wakiwa watu wazima wasiojua kwao ni wapi. Nje kidogo ya mji huo wa Nashik kuna kilima chenye mapango zaidi ya 20 yaliyochongwa kwa ajili ya watawa wa Kibudha, karibu miaka 2,000 iliyopita. Watoto hao wa Kiyao na Kinyasa walikulia karibu na makao ya watu walioacha jamaa na majina kwa hiari yao. Wao walikuwa wamenyang'anywa vyote viwili.

Hapo ndipo vitabu vyangu viwili vilipoanza kugombana. Buddha hufundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu, na anayelijua hilo hupata amani. Frankl hushikilia kwamba kila mtu ni mmoja wa pekee, ana jukumu ambalo hakuna mwengine wa kulibeba. Kwa mtu aliyefutiwa jina akiwa na miaka saba, fundisho lipi ni la kwanza? William Jones, aliyelelewa Nashik, alijibu kwa vitendo. Alirudi kuhudumu Rabai na Frere Town, akatawazwa shemasi mwaka 1885, na mwaka huohuo aliongozana na Askofu Hannington kuelekea Uganda. Hannington alipouawa, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Alijijenga kwanza kuwa mtu, akajitoa kwa wengine baadaye. Wapo wafuasi wa Buddha wenyewe wanaokubali kwamba huwezi kukiachia kitu ambacho hujawahi kukishika.

Minyororo ya siku hizi Kisauni ni ya unga. Mitaa ya Mombasa imeshughulika na heroini kwa miongo mingi, na mateja wanajulikana kwa majina. Kisauni kuna kliniki ya serikali ya methadoni. Asubuhi huwa kuna foleni: mtu hutambuliwa, hupewa kipimo chake cha dawa ya maji, hukinywa mbele ya muuguzi, husemeshwa neno moja ili ionekane amemeza, huenda zake. Kesho vilevile, na keshokutwa. Methadoni huiondoa arosto, yale maumivu ya mwili kuidai dawa, lakini haimpi mtu la kufanya kuanzia saa tatu asubuhi mpaka usiku.

Hapa ndipo mazoezi ya Kibudha yalipoleta mchango unaoshikika. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Washington, Marekani, aliyekuwa mwenyewe akitafakari kwa njia ya Kibudha, aliwafundisha waraibu wasipigane na hamu wala wasiitii. Waitazame inavyopanda mwilini, wapi inabana, wapi inachoma, waipande kama wimbi mpaka ivunjike yenyewe, kwa kuwa hamu ikiachwa bila kulishwa hupanda, hufika kilele, hushuka. Yeye na wenzake walichunguza pia kozi za utulivu wa kimya zilizofanywa gerezani Seattle, ambako waliozifuata walitumia dawa na pombe kwa kiasi kidogo baada ya kutoka.

Kijana mmoja anayebeba magunia soko la Kongowea, aliyemaliza mwaka wa pili bila unga, alilieleza jambo hilohilo bila kuwahi kumsikia Marlatt.

"Yaja saa tisa, saa kumi alasiri. Yaanzia hapa," alisema akigusa taya. "Naketi juu ya gunia, naiambia haya, pita. Yapita. Ikishapita ndipo tatizo laanza."

Tatizo gani?

"Jioni ni ndefu, ami."

Jioni hiyo ndefu ndiyo iliyozaa kikundi chao. Hukutana kwenye baraza la duka lililofungwa, wanaume kumi hivi na wanawake watatu. Mshauri nasaha yule wa Port Reitz huwatembelea siku asizokuwa kazini, na siku hiyo alikuwa amewasimulia habari za Frankl kambini. Walisikiliza vizuri. Kisha mmoja mwenye kofia ya vito, mkubwa kwa umri kuliko wengine, akanyoosha mkono.

"Huyo daktari, alipotoka kule kambini, alipata kazi?"

Alipata, mshauri alijibu. Mwaka 1946 alipewa kuisimamia idara ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya Vienna, akaishika miaka 25.

"Ahaa. Basi na mimi nipeni hospitali niisimamie, muone kama sitaipata hiyo maana."

Baraza zima liliangua kicheko, mshauri naye akicheka zaidi ya wote. Hakujaribu kumjibu. Alifungua daftari akasoma ajenda iliyofuata: Mishomoroni kuna vijana wawili waliotaka kuandikishwa kliniki lakini wanaogopa kwenda peke yao, na anatakiwa mtu wa kuwafuata asubuhi na kukaa nao foleni. Kukawa kimya kidogo. Mwenye kofia akasema ataenda yeye, anamjua mama wa mmoja wao, ila apewe nauli ya kwenda na kurudi.

Mweka hazina, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameshika kikopo cha michango magotini muda wote, alimtaka alete risiti.

"Tuktuk haitoi risiti, mamangu."

"Basi nenda kwa miguu. Si karibu?"

Walibishana mpaka muadhini akaanza kuadhini, na zikatolewa shilingi mia moja, mshauri akiandika.